Aerobiki: namna ya kufundisha hatua kwa hatua bila kumwacha mtu wa safu ya nyuma

Mwisho wa juma, asubuhi mapema, makundi ya watu wa kila umri hukutana katika viwanja, mashule na sale za michezo za miji ya mashariki mwa Kongo ili kufanya aerobiki. Kijana wa miaka 20 anayecheza mpira husimama karibu na mama wa miaka 55 aliyeambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu. Bafle ni moja, muziki ni mmoja, mwalimu ni mmoja. Miguu tu ndiyo haifanani.

Baada ya dakika kumi, kundi huwa limekwisha kugawanyika. Safu ya mbele inamfuata mwalimu. Safu ya katikati inatazama miguu ya jirani. Safu ya nyuma imesimama, inacheka kidogo ili kuficha haya, kisha inakwenda kunywa maji. Siku ya posho inayofuata, safu hiyo ya nyuma inakuwa fupi. Baada ya mwezi mmoja, wanaobaki ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na nguvu.

Hapo ndipo penye hasara. Wanaoondoka mara nyingi ndio waliohitaji zoezi kuliko wengine wote: wenye uzito mkubwa, wenye kisukari, wanaokaa ofisini au sokoni kutwa nzima, wazee. Husemwa kuwa wana mwili mgumu au hawana sikio la muziki. Lakini walimu wenye uzoefu wa kazi hii wanajua kuwa mara nyingi tatizo haliko katika mwili wa mwanafunzi. Liko katika mpangilio wa somo. Koregrafi ikionyeshwa nzima kwa mara moja, ni wachache wanaoishika. Ikijengwa kipande kwa kipande, karibu kila mtu anaweza kuifikia.

Darasa lililogeuziwa kioo mgongo

Neno aerobiki lilienea duniani mwaka 1968, wakati Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alipochapisha kitabu chenye jina hilo. Alieleza mazoezi ambayo mtu anayafanya kwa muda mrefu bila kukatiza, huku moyo na mapafu vikipeleka oksijeni ya kutosha katika misuli: kutembea haraka, kukimbia, kuogelea, kuendesha baiskeli. Kucheza kwa muziki kulifuata upesi. Mwaka 1969, Jacki Sorensen alianza kufundisha dansi ya aerobiki kwa wake wa wanajeshi wa Marekani huko Puerto Rico.

Mwaka huohuo, mjini Evanston karibu na Chicago, mcheza dansi Judi Sheppard Missett alikuwa akifundisha jazi kwa wanawake wa kawaida. Alikuwa fundi, lakini wanafunzi wake walikuwa wakiacha mmoja baada ya mwingine. Alipowauliza sababu, alielewa kuwa hawakutaka kuwa wachezaji wa jukwaani. Walitaka kutikisa mwili, kupunguza uzito na kufurahi. Aliwageuza ili wasitazame kioo, akarahisisha hatua, akaacha kuwasahihisha kama watu wanaojitayarisha kwa mtihani. Darasa likajaa. Kutoka hapo ndipo ilizaliwa Jazzercise, iliyoenea katika nchi nyingi.

Wengine walifuata, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1982, video ya mazoezi ya Jane Fonda iliingiza aerobiki ndani ya nyumba za watu. Mwaka 1989, Gin Miller, aliyekuwa ameumia goti, aliendeleza zoezi la kupanda na kushuka kijukwaa, linalojulikana sasa kwa jina la step. Katika miaka ya 1990, Beto Pérez wa mji wa Cali, Kolombia, alisahau kaseti zake za aerobiki na akafundisha kwa salsa na merenge alizokuwa nazo. Huo ukawa mwanzo wa Zumba.

Ila funzo la Evanston ndilo linalogusa zaidi sale zetu. Mwalimu hakubadilisha wanafunzi. Alibadilisha namna ya kufundisha.

Kwanza kuhesabu: nane, kisha 32

Kabla ya hatua yoyote, mwalimu anapaswa kuujua muziki wake. Muziki wa aerobiki huhesabiwa kwa mapigo. Mapigo manane ni kundi moja, ambalo wenye kazi hii huliita tu "nane". Nane nne hufanya mapigo 32. Katika nyimbo nyingi za dansi, kila baada ya mapigo 32 kuna kitu kinachobadilika: mwimbaji anaingia, gitaa linapanda, ngoma zinaongezeka. Hata mtu asiyejua kuhesabu anayasikia mabadiliko hayo mwilini. Ndiyo sababu koregrafi hupangwa katika vipande vya mapigo 32. Kipande kikiisha pamoja na muziki, mwanafunzi anahisi mwenyewe kuwa sasa wanarudi mwanzo.

Jambo la pili ni mwendo. Njia ya kuupima ni rahisi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Ukipata 32, wimbo una mapigo 128 kwa dakika. Kwa kundi lenye watu wa uwezo tofauti, mwendo kati ya 120 na 130 unatosha. Wimbo ukiwa wa haraka zaidi, mtu mzima au mwenye uzito hawezi kumaliza hatua moja kabla ya nyingine kuanza. Anaanza kukata hatua katikati, na hapo ndipo goti na kifundo cha mguu vinapoumia.

Muziki wetu unafaa, mradi uchaguliwe vizuri. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika mwezi Desemba 2021 katika orodha ya urithi wa ubinadamu, inafaa kwa kuamsha mwili na kwa kuutuliza mwishoni. Seben, ile sehemu ya gitaa inayowasha ngoma, inafaa kwa katikati ya somo. Lakini si kila wimbo unagawanyika sawasawa kwa 32. Mwalimu ausikilize nyumbani mara kadhaa, ahesabu, na kama hesabu inakatika katikati, autumie kwa hatua za bure bila kujengea kipande juu yake.

Swali la lugha nalo lina uzito. Walimu wengi wa kwetu huhesabu kwa Kifaransa: "cinq, six, sept, huit". Maneno hayo ni mafupi, kila moja linakaa ndani ya pigo moja. Kwa Kiswahili, "tano, sita, saba, nane" kila neno lina silabi mbili: ya kwanza inaanguka juu ya pigo, ya pili inajaza nafasi hadi pigo linalofuata. Lugha zote mbili zinafaa. Lisilofaa ni kuruka kutoka lugha moja hadi nyingine katikati ya hatua, maana mwanafunzi anaanza kutafsiri badala ya kucheza.

Atalaku alitangulia kuijua kazi hii

Yeyote aliyekulia Kongo anamjua atalaku, yule mpiga kelele wa bendi anayechochea wachezaji. Tangu Zaïko Langa Langa walipompa nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi yake imekuwa pia kutaja mtindo wa kucheza ili watu waufuate. Anataja, kisha watu wanacheza. Akitaja akiwa amechelewa, uwanja wote unavurugika.

Mwalimu wa aerobiki anafanya kazi ileile, na kosa kubwa la walimu wachanga ni kubadilisha hatua kwanza na kuitaja baadaye. Kwa mwendo wa mapigo 128, mapigo manne yanapita kwa muda usiofika sekunde mbili. Katika muda huo mfupi, mwanafunzi anahitaji kusikia mambo matatu: imebaki mapigo mangapi, hatua gani inakuja, na inakwenda upande gani. Basi mwalimu anaacha mapigo manne ya kwanza ya nane yapite, na katika manne ya mwisho anasema: "Nne, tatu, goti, mbele!" Pigo linalofuata, wote wanaondoka pamoja.

Kumbuka kuwa anahesabu kwa kurudi nyuma. Kuhesabu kwa kupanda kunamwambia mwanafunzi ni mapigo mangapi yamepita. Kuhesabu kwa kushuka kunamwambia yamebaki mangapi, na hilo ndilo analotaka kujua.

Maneno yawe machache, na hatua moja iwe na jina moja siku zote. Hakuna haja ya majina makubwa. Ile hatua ya kwenda upande huku mguu mmoja ukipita nyuma ya mwingine inaweza kuitwa kwa kile inachofanya: "pembeni, nyuma, pembeni, gusa". Jina lenyewe limekwisha kuhesabu mapigo manne na kufundisha miguu. Mkono nao useme: vidole vinne juu, vitatu, viwili, kisha mkono unaonyesha upande. Kwa yule aliye karibu na bafle na hasikii chochote, mkono ndio sauti ya mwalimu.

Kujenga kipande kimoja, mfano wa mapigo 32

Tuseme kipande kina sehemu nne, kila moja ya mapigo manane. Ya kwanza: pembeni, nyuma, pembeni, gusa, kwenda kulia kisha kurudi kushoto. Ya pili: hatua ya V, mguu wa kulia mbele na nje, wa kushoto mbele na nje, kisha yote miwili inarudi katikati, hufanywa mara mbili. Ya tatu: hatua tatu kwenda mbele na kuinua goti, hatua tatu kurudi nyuma na kugusa chini. Ya nne: kisigino kuelekea matako, mguu wa kushoto mara moja, wa kulia mara moja, kisha wa kushoto mara mbili.

Mwalimu asiyejua kazi angeonyesha yote manne mfululizo na kusema "twende". Anayejua anaanza na kutembea pahali pamoja. Kutembea huko ni kituo cha kila mtu: aliyepotea anarudi hapo, anashika mapigo, anasubiri nafasi ya kuingia tena. Mwalimu akihitaji kueleza jambo, anaeleza huku watu wanatembea. Moyo haupoi na hakuna anayesimama kama mti.

Kutoka hapo, sehemu ya kwanza inajengwa kwa ngazi. Kwanza pembeni na kugusa, kulia na kushoto. Halafu mara mbili upande mmoja: pembeni, unganisha, pembeni, gusa. Watu wakishika, ndipo mguu wa katikati unapopelekwa nyuma. Mapigo hayakubadilika, upande haukubadilika. Kimebadilika kitu kimoja tu. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yote: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha miguu, usibadilishe mikono. Ukibadilisha upande, usibadilishe mwendo.

Hatua ya V inajengwa vilevile. Miguu inatembea pahali pamoja, kisha inafunguka na kufunga: nje, nje, ndani, ndani. Ikizoeleka, ile "nje" inapelekwa kidogo mbele, na V imepatikana bila mtu kuogopa.

Sasa sehemu mbili zinaunganishwa. Mwanzoni kila moja hurudiwa mara nne. Kisha mara mbili. Kisha mara moja. Kupunguza huko polepole ndiko kunakokipa kichwa muda wa kufuata miguu. Sehemu ya tatu inafundishwa peke yake, halafu inaongezwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho ya nne. Kila mara kundi linarudi mwanzo na kupita tena pale linapopajua, hivyo aliyechelewa anapata nafasi nyingine. Anayeshika upesi anaona ni zoezi la kuongeza jasho. Anayeshika polepole anaona ni marudio. Wote wawili wanapata haki yao katika dakika ileile.

Kwa nini sehemu ya nne inamalizikia kwa kisigino cha kushoto mara mbili? Kwa sababu mguu wa kulia unabaki umebeba mwili, na wa kushoto unakuwa huru kuanza. Kipande kinarudiwa chote kwa upande wa pili, kushoto kikiongoza. Bila mbinu hiyo, kundi lingecheza nusu saa nzima mguu mmoja ukiongoza, na nyonga ya upande mmoja ingechoka kuliko nyingine. Kulia na kushoto pamoja ni mapigo 64, karibu nusu dakika kwa mwendo wa 128. Ila kulifikisha kundi lenye watu wapya hapo kunaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, na hilo si kuchelewa. Hizo dakika kumi ndizo zoezi lenyewe.

Ngazi tatu, hatua moja

Hofu ya walimu wengi ni kwamba wenye nguvu watachoka kusubiri. Hofu hiyo ina msingi: anayekuja kutoa jasho hataki kutembea pahali pamoja asubuhi nzima. Jibu si kuwaongezea wao hatua nyingine, maana hapo kundi linakatika vipande viwili. Jibu ni kuacha hatua ya msingi ileile na kuiwekea ngazi juu yake.

Chukua sehemu ya kwanza. Ngazi ya chini: pembeni, unganisha, pembeni, gusa, mikono ikiwa kiunoni. Ngazi ya kati: mguu unapita nyuma, mikono inafunguka. Ngazi ya juu: kuzunguka mzima katika mapigo hayohayo manne, au kuruka kidogo mwishoni. Watu watatu wanafanya mambo matatu, lakini wote wanaondoka pigo moja, wanakwenda upande mmoja na kufika pamoja. Hakuna anayemgonga mwenzake, na ukitazama kwa mbali unaona kundi moja.

Mwalimu aonyeshe ngazi ya chini kwanza na arudi kuionyesha mara kwa mara. Akibaki muda wote akiruka katika ngazi ya juu, maneno yake ya kuwa "kila mtu afanye anavyoweza" hayana maana. Watu hufuata mwili wa mwalimu kuliko mdomo wake. Mama wa miaka 60 akiona mwalimu mwenyewe anacheza bila kuruka, na bado anatoka jasho, anaelewa kuwa ngazi hiyo si ya aibu.

Hapa ndipo video za simu zinaposhindwa. Walimu wengi vijana hujifunza koregrafi kwenye intaneti na kuileta darasani jinsi ilivyo. Video ina hatua nzuri, lakini haimwoni anayeitazama. Haijui kuwa kwenye safu ya tatu kuna mtu aliyepotea tangu nane ya pili. Mwalimu anajua, mradi atazame.

Mwalimu asimame wapi?

Kusimama ni sehemu ya kufundisha. Akiwatazama watu usoni, mwalimu anawaona, lakini kulia kwake ni kushoto kwao. Hapo inambidi acheze kama kioo: anasema "kulia" huku yeye akienda kushoto kwake. Inahitaji mazoezi ya nyumbani. Akiwapa mgongo, upande unakuwa mmoja kwa wote na miguu inafuatwa kwa urahisi, ila haoni tena nani ameanguka njiani. Wenye uzoefu huchanganya: mgongo wakati wa kufundisha hatua mpya yenye mwelekeo mgumu, uso mara tu hatua inapozoeleka.

Kwa wale wanaochanganya kulia na kushoto, na ni wengi kuliko wanavyokiri, njia nyepesi ni kutumia vitu vinavyoonekana. Uwanjani Goma au Bukavu, "upande wa ziwa" na "upande wa barabara" hauhitaji kufikiri. Ndani ya sale, mlango na dirisha vinatosha.

Safu nazo zisiwe za kudumu. Katikati ya somo mwalimu anaweza kwenda kusimama nyuma, watu wakageuka, na safu ya nyuma ikawa ya mbele. Kwa mara ya kwanza wale waliojificha wanamwona mwalimu kwa karibu, na yeye anawaona.

Kuhusu kusahihisha, adabu ya kwetu inataka uangalifu. Kijana wa miaka 25 hawezi kumtaja mama wa watu mbele ya kundi na kumwambia miguu yake ni mibaya. Asahihishe kwa wote: "Magoti yalainike, tusiyakaze." Aliyekuwa anakosea atasikia. Ikiwa bado, mwalimu anakwenda kucheza karibu naye kwa nane mbili, bila maneno, kisha anaendelea. Na neno la kutia moyo lisisubiri mwisho. Litolewe wakati mtu amerudi katika hatua, maana kurudi ndiko kugumu.

Moyo, magoti na ardhi

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya kadiri kila juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Masomo matatu ya dakika 50 yanafikisha zile 150 za kwanza. Lakini yanafika tu kama mtu anarudi juma linalofuata, na linalofuata tena. Kwa hiyo kumweka mtu katika kundi ni jambo la afya, si la furaha tu.

Kipimo rahisi cha nguvu ni mazungumzo. Anayeweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba yuko pahali pazuri. Asiyeweza kutoa maneno matatu apunguze: ashuke ngazi, aache mikono, atembee. Kipimo hicho kinawafaa hata wale wanaomeza baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazopunguza mapigo ya moyo, ambao kuhesabu mshipa kunaweza kuwadanganya. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari aonane na mganga kabla ya kuanza, na mwanamke mwenye mimba vilevile. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika si mambo ya kuvumilia; ni ishara ya kuacha na kutafuta msaada.

Somo lianze kwa dakika tano hadi kumi za kuamsha mwili, na hatua za kipande zinaweza kuingizwa humo kwa mwendo mdogo, ili baadaye zisiwe ngeni. Liishe pia kwa kushuka polepole. Kusimama ghafla baada ya seben kali kunafanya damu ibaki miguuni, na mtu anaweza kuanguka.

Ardhi nayo ina neno lake. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na mlipuko wa Nyiragongo wa mwaka 2002 ulifunika sehemu ya mji kwa mawe mengine meusi. Katika kiwanja chenye mawe hayo, mwalimu mwenye akili anaondoa kuzunguka na kupitisha mguu nyuma, anabaki na hatua za mbele na nyuma. Juu ya saruji ngumu, anapunguza kuruka. Anayekuja na sandali za plastiki abaki ngazi ya chini siku hiyo. Viatu vilivyofungwa vizuri ni sehemu ya somo. Na umeme ukikatika, somo halifi. Mikono inapigwa, wote wanahesabu kwa sauti, na mara nyingi hapo ndipo mwalimu anapogundua nani kweli ameshika hesabu.

Jinsi ya kujua kama somo limefaulu

Wapo wanaopima somo kwa jasho, wengine kwa kelele, wengine kwa wingi wa hatua. Kuna kipimo kingine kisicholipiwa franka hata moja. Katika dakika za mwisho kabla ya kutuliza mwili, mwalimu anatangaza kipande chote, anahesabu nane moja, halafu anaacha kucheza. Anasimama pembeni na kunyamaza.

Safu ya mbele itaendelea. Hilo halimfundishi kitu. Atazame nyuma. Kama wale wa nyuma wanaondoka kwenda pembeni, wanafungua V, wanakwenda mbele na kuinua goti, kila mmoja kwa ngazi yake, bila kutazama miguu ya jirani, koregrafi imefundishwa. Kama wamesimama, imeonyeshwa tu, na siku ya posho ijayo inabidi kuanza tena pale walipopotea.